Sanduku la Amana na Adapta ya Japani



Nilikuwa nimewaahidi kwamba juma hili tutamaliza maneno yetu ya achari ya maembe. Achari itangoja, imo chupani na haiendi popote. Nyumbani kwangu kumetokea jambo lililonikosesha usingizi siku kadhaa, na katika kulitatua nimejifunza ufundi ambao sikudhani kwamba kwa umri wangu huu ningeujifunza. Nitalisimulia kama lilivyokuwa, pamoja na aibu zake.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alifiwa na mumewe mwaka jana. Marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa baharia, na katika bandari alizopita alikuwa na ada ya kununua mashine za gemu za zamani, zile zinazochezwa kwa kaseti na kuunganishwa na televisheni. Wengine hurudi na manukato na vitambaa. Yeye alirudi na hizo. Mjane alipomaliza eda yake ilimlazimu kwenda Lamu kumwuguza mamake, akaniletea sanduku la mbao lililofungwa kamba. Akaniambia, "Dada, hizi ni za baba wa watoto. Mwanangu mkubwa akija likizo atazitaka. Niwekee." Nikaitikia, nikalisukuma chini ya kitanda cha wanangu, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ni langu.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mashine nne. Famicom ya Nintendo, nyeupe kwa nyekundu, aina iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1983. Mega Drive mbili za kampuni ya Sega, moja ya toleo la kwanza na nyingine ya toleo la pili lililo dogo zaidi. Na Atari 2600 ya Marekani, ambayo uso wake umepambwa kwa kitu mfano wa mbao, asili yake ni mwaka 1977. Famicom na Atari zilikuwa na adapta zao. Mega Drive zote mbili hazikuwa na chochote.

Mwanangu wa pili alilifungua sanduku siku ya Jumamosi nilipokuwa arusini. Akaitoa adapta ya Famicom, akaitia kwenye ekstensheni yenye matundu ya kupokea kila aina ya plagi. Haikupita dakika chumba kikanuka. Adapta ilivuma kama nyuki, ikawa moto, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Kwa rehema ya Mola alikuwa hajauchomeka ule mwisho wa pili kwenye mashine. Kaka yake, kwa kutaka kumwokoa mdogo wake na hasira zangu, akatafuta adapta nyingine nyumbani ambayo kichwa chake kingeingia. Akaiona ya kisanduku cha intaneti. Ikaingia barabara, kana kwamba ilitengenezewa tundu lile. Akawasha. Safari hii moshi ulitoka kwenye mashine yenyewe.

Nilimpigia simu jirani yangu usiku ule ule baada ya Isha. Sikuweza kungoja asubuhi. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema, "Ni vitu tu, dada. Nimekusamehe." Nililala nikiwa mwepesi. Lakini kesho yake, katika darsa letu la wanawake, nilimwuliza mwalimu wetu, naye akanirudishia mzigo kichwani, ukiwa mzito kuliko mwanzo. Mwenye kuwekewa amana, alisema, halipi kitu kikiharibika pasipo kosa lake. Hulipa akivuka mpaka au akizembea. Na kuweka mali ya watu chini ya kitanda cha watoto watundu ni kuzembea. Tena akaniuliza, "Aliyekusamehe ana sehemu gani katika mali hiyo?" Nikakumbuka. Mke aliyeachwa na watoto fungu lake ni thumni, moja katika nane. Kilichobaki ni cha watoto na warithi wengine wa baharia, na mtoto ambaye hajabaleghe hana uwezo wa kusamehe haki yake, wala mamake hawezi kuisamehe kwa niaba yake. Msamaha nilioupata usiku ule ulikuwa wa thumni.

Nilirudi nyumbani nikalifungua sanduku mwenyewe kwa mara ya kwanza. Adapta iliyoungua ilikuwa na kipande cha karatasi kilichogandishwa kwa gundi, na juu yake maandishi ya khati ya Kiarabu. Wanangu walikuwa wamekiona. Walidhani ni dua. Nikasoma herufi moja moja: *ya Japani, mia tu, usitie ukutani*. Kiswahili kitupu! Marehemu alikuwa mtu wa kizazi kilichofunzwa chuoni kuandika Kiswahili kwa herufi hizo, na alikuwa ameonya kwa lugha ambayo wanangu huizungumza tangu walipotoka tumboni, kwa herufi ambazo huzisoma kila siku alasiri. Haikuwapitikia kwamba viwili hivyo vinaweza kukutana katika karatasi moja. Sikuwakemea sana, kwa sababu nilijiuliza ni lini mara ya mwisho mimi mwenyewe kuwaandikia neno hivyo, nikakosa jibu.

"Mia" aliyoitaja ni volti. Umeme wa majumbani Japani ni wa volti 100, wa Marekani 120, na wetu hapa Kenya ni 240. Adapta za zamani zina transfoma ndani yake, yaani nyaya zilizozungushwa juu ya chuma, na kazi yake ni kugawanya tu: kilichoingia hugawiwa kwa hesabu ile ile, kikatoka kidogo. Ukiitilia volti 240 transfoma iliyohesabiwa 100, haina akili ya kukataa. Hupokea zaidi ya mara mbili ya ilichoumbiwa, chuma hushiba, nyaya hupata moto mpaka zikatike. Chaja za simu za siku hizi hazina tatizo hili, nyingi zimeandikwa zinapokea kuanzia 100 hadi 240, na ndizo zilizotuzoesha vibaya. Tumesahau kusoma maandishi madogo.

Kosa la kijana wangu mkubwa lilikuwa la namna nyingine, nalo ndilo lililonishangaza. Umeme unaotoka katika adapta ya mkondo mnyoofu una pande mbili, chanya na hasi. Kichwa cha waya ni cha duara, kina tundu la katikati na ganda la nje. Vifaa vingi vya leo huweka chanya katikati. Famicom huweka hasi katikati. Kipimo cha kichwa ni kile kile, milimita 5.5 kwa nje, kwa hiyo kuingia kinaingia. Kinachoingia ndani ni umeme uliogeuzwa kichwa chini miguu juu. Kila adapta ina mchoro mdogo wa kuonyesha jambo hili: nukta ndani ya duara lililokatika, pembeni yake alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili. Nendeni mkatazame adapta zenu. Nina hakika wengi wetu tumeuona mchoro huo miaka nenda miaka rudi tukidhani ni nembo ya kiwanda.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa redio hapa Mombasa tangu zama za redio za mbao. Macho yamedhoofu, mikono bado. Nilimpelekea sanduku zima pamoja na sahani ya vitumbua, maana sijawahi kumwona akifanya kazi kwa tumbo tupu. Aliifungua Famicom, akachungulia, akanionyesha kipande cheusi chenye miguu mitatu kilichofungwa kwenye bati la kupoza. "Huyu ndiye aliyekufa," akasema. "Amekufa kishujaa." Kipande hicho huitwa 7805. Kazi yake ni kupokea umeme wowote wa kuanzia kama volti 7 hivi na kutoa volti 5 kamili, bila kuzidi wala kupungua, kwa ajili ya chipu za ndani. Akafungua Mega Drive ya kwanza: mlikuwa na 7805 mbili. Akafungua Atari: 7805. Akacheka peke yake kwa muda.

Niliona anachokichekea kabla hajakisema, nami nakiri niliona fahari. Mashine nne za nchi mbili, zenye vichwa vya waya tofauti na maandishi tofauti, Famicom imeandikwa volti 10, Atari volti 9, lakini ndani yake zote zina bawabu mmoja wa aina moja. Yote wanayoyataka kutoka nje ni umeme mnyoofu wa kutosha kumfikia bawabu huyo. Volti 9 zingewatosha wote.

Kununua adapta nne kulikuwa njia nyepesi, na ndiyo niliyoiwaza kwanza. Mjomba hakuipenda. "Utawanunulia adapta nne," akasema, "na mtoto atazichanganya, na utarudi hapa na vitumbua." Akashauri tujenge moja, yenye kichwa cha kila mashine, na iwe haiwezekani kukosea. Akaniambia yeye hatashika chuma cha lehemu, macho hayamruhusu. Atakaa kitini na kuamrisha. Basi mafundi tukawa mimi na binti yangu wa miaka 14. Wanaume wa nyumba nilikwisha kuwaona ufundi wao.

Kanuni ya kwanza ya Mjomba ilikuwa kwamba volti 240 hatutazigusa. Yeye mwenyewe amerushwa na umeme mara nyingi na ana kovu la kuonyesha. Tulinunua adapta iliyofungwa kiwandani, aina inayotumiwa na kamera za ulinzi, inayopokea umeme wa ukutani na kutoa volti 12 kwa ampea 5. Kila tulichokifanya kilianzia hapo kwenda chini. Niliuliza kwa nini tusitumie chaja ya kompyuta iliyovunjika niliyokuwa nayo, ya volti 19, tuokoe pesa. Akasema, "Kifaa tutakachokiweka katikati kikiharibika siku moja, kinaweza kuacha umeme wote upite. Zikipita 12, yule 7805 atatoka jasho tu. Zikipita 19, utakuwa umemtia mtoto wa watu katika jaribio." Nikairudisha chaja yangu kabatini.

Kifaa cha katikati ni kibao kidogo, si kikubwa kuliko kidole gumba, chenye chipu iitwayo LM2596. Huuzwa katika maduka ya vipuri vya elektroniki, na bei yake haikufika nusu kilo ya nyama. Hupokea volti nyingi na kutoa chache, lakini kwa njia isiyo ya 7805. Yule wa zamani ni kama mtu anayepewa ndoo nzima ya maji naye akahitaji kikombe: huchukua chake, kilichobaki hukimwaga sakafuni. Kumwaga kwenyewe ndiko joto. Mega Drive ya kwanza adapta yake imeandikwa ampea 1.2, ukiipa volti 12, zile 7 zinazozidi, zikizidishwa kwa 1.2, ni wati 8 na zaidi zinazogeuka moto ndani ya plastiki ya miaka 30. Ukiipa volti 9, moto huo hushuka kuwa chini ya wati 5. LM2596 hamwagi. Yeye hufungua na kufunga bomba kwa kasi isiyoonekana, mara 150,000 kwa kila sekunde, na coili na kapasita zilizo kando yake hulainisha mapigo hayo yakawa mkondo mmoja tulivu.

Tulipanga hivi. Waya wa adapta unaingia katika kisanduku cha plastiki, tulichokipata kwa kuosha kopo la aiskrimu la pembe nne. Chanya inapita kwanza kwenye fyuzi ya ampea 2, kisha kwenye swichi, kisha kwenye kibao. Kutoka kwenye kibao, kapasita moja kubwa ya mikrofaradi 1000 imekaa kati ya chanya na hasi, na kioo kidogo cha kuonyesha volti, ili mtu yeyote asome kabla ya kuchomeka. Mwisho wake ni soketi moja tu, ya duara, yenye pini mbili na pete ya kufungia, ambayo huingia upande mmoja na hukataa upande wa pili. Katika soketi hiyo huingia mikia. Kila mkia una kichwa cha mashine yake mbeleni, na pande zake zimekwisha kupangwa kwa lehemu, hakuna cha mtoto kuchagua.

Mikia ikawa mitatu. Famicom na Mega Drive ya kwanza zina kichwa kimoja na zote huweka hasi katikati, basi mkia mmoja uliwatosha wawili. Mega Drive ya pili, ijapokuwa ni mdogo wa tumbo moja na ile ya kwanza, ina kichwa chembamba zaidi na huweka chanya katikati. Sijui waliokaa kikao kile kiwandani walikunywa nini. Atari nayo hutumia kichwa mfano wa kile cha vipokea sauti vya masikioni, cha milimita 3.5, chanya kikiwa nchani. Kichwa cha namna hii, kinapoteleza kuingia tunduni, huweza kugusisha chanya na hasi kwa nukta ya sekunde. Kwa hiyo mkia wa Atari huchomekwa kwanza, swichi huwashwa baadaye.

Binti yangu ndiye aliyeona tundu ambalo Mjomba na mimi hatukuliona. Tulikuwa tunataka kuweka kwenye kisanduku soketi ya kupokea adapta ya volti 12, ili ichomoke. Akakishika kichwa cha adapta ile, akakijaribu kwenye Famicom iliyokuwa mezani, imezimwa na haina umeme. Kikaingia. "Mama," akasema, "si tutakuwa tumemletea ile ile iliyomuua?" Mjomba alimtazama mtoto huyo kwa muda, kisha akaniambia nilete mkasi. Tulikikata kichwa, adapta ikiwa haijachomekwa ukutani, tukautia waya ndani ya kisanduku daima, na fundo upande wa ndani ili usivutike. Siku hizi huingia nyumbani mwetu kwa madaha kidogo, na mimi namwachia.

Baada ya kukata, nyaya mbili zilitoka, moja ina mstari mweupe. Nilitaka kuamini kwamba yenye mstari ndiyo chanya. Mjomba alikataa kuamini. Tukaichomeka adapta kwa muda mfupi, ncha za nyaya zikiwa zimetenganishwa, tukazigusa kwa ncha za mita. Mita ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, basi umezishika kinyume. Safari hii mstari ulisema kweli.

Kuhusu kulehemu, akina mama wenzangu, lina adabu zake. Lehemu ya kawaida ina risasi ndani yake, na moshi wake hauvuti vizuri kifuani. Tulifungua madirisha yote mawili. Tulifanya kazi juu ya sinia kuukuu ambalo sasa ni la ufundi peke yake, halitarudi jikoni, wala hatukutumia meza ninayosukumia chapati. Mkwe wangu mwenye mimba nilimzuia kuingia chumbani. Kila tulipoinuka tulinawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Ufundi wenyewe ni huu: pasha moto waya na mguu wa chuma kwanza, kisha gusisha lehemu hapo, si kwenye ncha ya chuma cha moto. Ikiyeyuka ikatandaa ikang'aa, imeshika. Ikisimama kama tonge la ubwabwa, haikushika, rudia. Matonge yangu ya mwanzo yangelisha harusi.

Kibao kikiwa kipya usidhani kimepangwa. Tulipowasha mara ya kwanza, pasi na mkia wowote, kioo kilionyesha volti 11 na zaidi. Kuna skrubu ndogo ya shaba ya kurekebisha. Binti yangu aliizungusha mara moja, mbili, tano. Hakuna kilichobadilika, akadhani tumenunua kibovu. Mjomba akasema, "Zungusha, usichoke." Skrubu hizo zinahitaji mizunguko mingi kabla namba haijaanza kusogea, kisha husogea kwa utaratibu. Ilipofika 9.0 tukaidondoshea tone la rangi ya kucha isigeuke. (Ndiyo, nilinunua rangi ya kucha. Ni ya skrubu.)

Hatukuipeleka kwenye mashine ya yatima. Tulimpa mzigo wa majaribio kwanza: balbu ya taa ya breki ya gari, ya volti 12 na wati 21. Kwa volti 9 huvuta kama ampea moja na nusu, zaidi ya inavyohitaji mashine yoyote ya sanduku lile. Tukaiacha iwake nusu saa, tukakaa kuitazama kama tunaotazama mwezi wa Ramadhani. Kioo kikashuka hadi 8.9 kikasimama hapo. Kibao kilikuwa moto wa kuweza kuvumilika kidoleni. Kopo la aiskrimu tukalitoboa matundu ya hewa pande mbili kwa msumari uliopashwa moto.

Famicom nayo Mjomba alikubali kuigusa mwenyewe, akivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Alitoa 7805 iliyokufa na kapasita iliyovimba jirani yake, akatia mpya. Chipu za ndani zilisalimika. Yule bawabu aliufia mlango. Marehemu alikuwa amekwisha kuwekea njia ya video, kwa sababu masafa ya antena ya Japani si ya televisheni zetu, hivyo picha ilitoka mara tulipounganisha. Ilitoka na mistari myembamba inayotambaa, nasi tukaongeza kapasita ndogo karibu na soketi, mistari ikapungua mpaka mtu akae karibu sana ndipo aione.

Msomaji mmoja anaweza kuuliza kama kisanduku hiki kingefaa mashine zote za zamani. La. Nintendo 64, kwa mfano, hutaka volti 3.3 na volti 12 kwa wakati mmoja, kwa kichwa chake maalumu. Hiyo ni kazi nyingine. PlayStation ya kwanza ina adapta ndani ya tumbo lake na huingiziwa umeme wa ukutani moja kwa moja, hiyo msiifungue. Na ile NES iliyouzwa Marekani na Ulaya, ingawa ni ndugu wa Famicom, adapta yake hutoa mkondo geu wa volti 9, kwa sababu yenyewe ina dayodi za kuunyoosha. NES ingekubali kisanduku chetu. Lakini adapta yake ukiipeleka kwenye Famicom, utaandika makala kama haya.

Wako pia watakaouliza kwa nini mama mtu mzima ahangaikie vitu vya upuuzi. Nimelisikia swali hilo barazani, kwa sauti ya kunifikia. Kuhusu muda wa kucheza, nyumbani kwangu gemu huzimwa kabla ya adhana na hazifunguliwi siku za shule, na bado napendelea mtoto akae na kaseti yenye mwanzo na mwisho sebuleni kwangu kuliko katika vibanda vya mjini ambako mchezo huchezwa kwa pesa. Lakini hilo si jibu langu. Jibu langu ni kwamba vitu vile si vyangu, na mwenyewe ana miaka 11.

Alikuja na mamake likizo ilipoanza. Sikumpa sanduku kabla ya maneno. Nilimketisha, na mwanangu mmoja mmoja akamweleza alichofanya, nami nikamweleza nilichofanya. Nikamwonyesha adapta ya babake iliyoungua, ambayo haikuweza kufufuliwa, na bahasha yenye thamani yake, nikaikabidhi kwa mamake mbele yake iwekwe katika mali ya watoto. Mamake alitaka kunirudishia. Nikamwambia, dada, thumni yako umekwisha kunipa.

Mtoto hakuitazama bahasha. Alikuwa ameshika adapta iliyokufa, anaigeuzageuza. Akaniuliza kama anaweza kukichukua kile kipande cha karatasi. Tulikipasha mvuke wa birika kikabanduka kizima. Binti yangu akakibandika juu ya kopo la aiskrimu, na kwa kuwa maneno yake hayakuwa sahihi tena kwa kifaa hiki, akaandika chini yake, kwa khati ile ile, mkono ukimtetemeka: *hii ya kwetu, mia mbili na arubaini, tia ukutani*. Mtoto akaisoma kwa sauti, polepole. Kisha akatafuta mkia wenye kichwa chake, akatazama kioo, akawasha.